Yah: Nafasi Iliyositishwa

Ndugu Afisa Utumishi,
husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uliandika mistari minne. Niliihesabu
nikiwa foleni ya maji Nkuhungu,
ndoo ya tano kutoka bombani,
simu mkono huu, kifuniko mkono huu:
nafasi imesitishwa, tunakutakia kila la heri.
Ndoo zikasogea. Mimi sikusogea.
Mama wa nyuma yangu akanipita, akasema samahani,
nikamjibu asante.

Kila la heri nimeipokea.
Sijui pa kuiweka.

Miaka tisa nilitunza stoo ya mvinyo, Mpunguzi.
Kreti niliijua uzito kabla ya mizani,
zabibu ya Machi na ya Agosti niliitambua kwa harufu.
Mzee Chilewa hakuwa na barua nzuri,
alikuwa na mshahara, tarehe ishirini na tano, hata mwaka wa ukame.
Barua nzuri mlikuwa nayo ninyi:
karatasi nzito, muhuri wa bluu,
"tuna furaha kukujulisha",
na mkaandika, kwa wino wenu, si wangu,
niripoti Mtumba tarehe mosi
nikiwa na uthibitisho kwamba kwingine nimeacha.
Nikaacha.
Siku ishirini na nane za notisi nilizitumikia zote,
hata ile ya pilau,
ya kitenge na saa ya ukutani.
Saa inatembea. Imelala juu ya kabati,
haijapata msumari.

Nilirudi Mpunguzi, usidhani sikurudi.
Kwenye kiti changu nilimkuta Ndahani, mpwa wa mzee,
saba anaziandika kama moja.
"Perusi," mzee akasema, "kilichotoka stoo kwa saini yako
kinarudi kwa saini yangu.
Na saini yangu nimeshampa huyu."
Sikumlaumu. Kanuni hiyo nilimfundisha mimi.

Basi nikapanda ngazi pale Majengo,
juu ya duka la mbegu,
kwa msaidizi wa kisheria, Nyemo Masigati,
binti mdogo, feni mbovu, mafaili hadi dirishani.
Ulisaini? Nilisaini.
Uliirudisha? Niliirudisha.
Walijibu?
Nikapekua simu, nikapita picha za kipaimara cha mtoto wa jirani,
nikalikuta neno lako:
"Tumepokea. Karibu sana kwenye familia."
Akavua miwani.
"Lipige picha. Leo. Kabla hawajalifuta."

Hakuniahidi kushinda.
Alisema wapo watakaobisha kwamba ambaye hajaanza kazi si mwajiriwa,
na kwamba hasara haidaiwi kwa machozi, inadaiwa kwa risiti.
Alisema pia ofa ikishakubaliwa
si salamu ya njiani.
Barua ya madai kwanza, ndipo Tume ya Usuluhishi,
na siku zinahesabiwa tangu ile mistari minne,
ukizubaa mlango unafungwa, utaomba ufunguliwe kwa sababu.
"Hawatalazimishwa kukupenda, dada," akasema,
huku akitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.
"Kulipa ni habari nyingine."

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, hii ndiyo barua yenyewe.
Familia yenu siitaki.
Nataka mshahara wa miezi niliyokaa bure kwa neno lenu,
kodi ya chumba nilichopanga Ihumwa nisichokilalia,
na viatu. Ndiyo, viatu. Mlisema vyeusi, vya kufunika vidole,
risiti nimeambatisha.
Nawapa siku kumi na nne.
Kama bajeti ilikatwa, kama yupo mtoto wa mtu,
sijui, wala sitauliza.
Mtakuja kusema mbele ya msuluhishi,
nami nitakuja na viatu vyenyewe mguuni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Perusi Chidawali,
mtunza stoo.

Nakala: Bi. Masigati, kwa jalada.
Nakala: Mzee Chilewa, kwa taarifa.
Nakala: yule mama wa foleni,
jina silijui,
aliyerudi akanijazia ndoo.