Kibaba Hakikumbuki

Saa moja jioni, ghorofa ya tatu, Barabara ya Enterprise.
Wenzangu wameshashuka. Barasa mlinzi anakagua ngazi kwa tochi
na mimi nimebaki na mistari elfu tisa mia nne na kumi na miwili
ambayo Bi. Naliaka anaitaka kesho asubuhi
katika ukurasa mmoja.
Mmoja, alisema, na maandishi yasiwe ya sisimizi.

Kila mstari ni mtu aliyesimama kaunta.
Misumari nusu kilo, Kariobangi.
Rangi ya kijani, lita nne, Dagoretti.
Bawaba mbili, Ruaka. Bawaba mbili tena,
Ruaka hiyo hiyo, siku mbili baadaye:
pengine mlango ulikuwa mzito kuliko alivyoudhania.

Mfumo haujali milango.
Unachouliza ni kimoja: nikusanye kwa lipi?
Nabonyeza *tawi*,
na umati wote unakunjwa kama mkeka,
wanabaki sita:
Dagoretti, Embakasi, Gikomba, Kariobangi, Ruaka,
na Gkmba, mji usiokuwa kwenye ramani yoyote,
kwa sababu Mutheu huandika jina zima asubuhi
na ikifika saa kumi na moja vidole vinaruka irabu.
Kwa kompyuta, hayo ni maduka mawili.
Kwangu mimi huo ni mgongo wa Mutheu.
Naunganisha. Jioni zake zinarudi nyumbani,
Gikomba inapanda kwa laki moja na ushee,
wala hakuna atakayempigia simu kumwambia.

Kisha kwa bidhaa. Hapo ndipo paliponikwamisha.
Fedha ziko sawa, hadi senti.
Idadi haiko sawa: mistari miwili haipo.
Fedha zikiwa sawa, nani hutafuta mistari?
Stima ikapepesa, chai ikapoa ikaota utando,
nikatafuta.

Tarehe kumi na nne, Embakasi:
kufuli kubwa la shaba, moja, elfu moja mia mbili.
Tarehe kumi na tano, Embakasi:
kufuli kubwa la shaba, *toa* moja, *toa* elfu moja mia mbili.
Na katika kisanduku cha maelezo, ambacho hakuna anayekijaza,
mtu amekijaza, kwa herufi kamili, nukta mahali pake:
*Mteja amesema hakuna haja tena.*

Hakuna haja.
Mwizi aliwahi usiku ule?
Au aliyekuwa akiogopwa amehama,
au amesamehewa, na mlango ukaachwa wazi
ili akija asibishe?
Nimelikodolea macho kufuli lile
kama anayesubiri lifunguke.

Jumla yake: sifuri.
Na mfumo wetu umefunzwa kuficha sifuri,
ati zinachafua ukurasa.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimba darasani
tukigonga madawati. Ni kweli, kinajaa.
Ila sijasikia kibaba kikikumbuka punje yoyote,
na ile iliyoingia kisha ikatoka,
hata methali haikuihesabu.

Naondoa alama kwenye *ficha sifuri*.
Kufuli linatokea, peke yake, juu ya ukurasa wa pili,
ukurasa mweupe wote huo kwa ajili ya si kitu.
Narudisha alama. Linatoweka.
Naondoa tena.
Barasa anagonga: Dada, nafunga lango la chini.
Basi napunguza maandishi, kumi na moja, kumi,
tisa, mpaka kufuli linapanda
na kujibana chini kabisa, ukurasa wa kwanza.
Sisimizi.

Asubuhi Bi. Naliaka anavaa miwani,
anashuka na kidole, anashuka, anasimama.
Na hii sifuri ni ya nini?

Kuna mtu alikuja, namwambia.
Kesho yake akarudi.