Chaki ya Fundi

Alfajiri, kabla Igogo haijawasha majiko,
nasimama uso kwa ukuta wa chumba cha cherehani
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Vidole vya kushoto vinaanza kupanda:
cha shahada, cha kati, cha shahada, cha kati,
buibui mzee asiye na uzi.
Kwapani kitu kinavuta,
mshono ambao sikuushona mimi.
Ningeushona mimi, ningeacha ziada.

Pale vinapokoma nachora mstari kwa chaki ya buluu.
Tarehe siandiki.
Kabula, mjukuu wangu, akasimama palepale,
akajipima kimo kwa chaki ileile.
Sasa ukuta una ngazi mbili
na sijui nani anamkimbiza nani.
Yeye hupanda akiwa amelala.

Ni yule binti wa viungo kule Bugando, Nyamizi,
aliyenishika kiwiko akasema:
mama, mkono ukilazwa sana husahau kazi.
Akanipa karatasi ya mtu asiye na uso
anayeinua mikono, anayeketi, anayesimama.
Nimeibandika kando ya kioo cha wateja.
Wanaokuja kujaribu gauni
humtazama yeye kwanza.

Juma la dripu sipandi ukuta.
Harufu ya dagaa wanaoanikwa huko chini
inapanda mlima bila kuhema,
inaingia, inakaa kitandani.
Mate yana ladha ya sarafu.
Siku hizo mazoezi ni vifundo vya miguu tu:
vidole kwangu, vidole ukutani,
kumi, halafu beseni.
Kumi nyingine, halafu usingizi.
Sikujua kumi ni namba kubwa hivi.

Mama Shoma akachungulia mlangoni:
"Mgonjwa na mazoezi, wapi na wapi?
Kunywa uji, mwenzangu, ulale."
Nikanywa uji.
Kisha nikainuka kitini bila kushika meza,
mara nne, yeye akihesabu kwa hasira.
Ya tano akainuka na yeye,
na magoti yake yakalia kuliko yangu.

Lusato amezijaza chupa mbili mchanga wa ufukweni,
vijiko sita sita.
Kila Jumapili huongeza kijiko
kama mpishi anayeiogopa chumvi.
Haulizi kovu likoje.
Huuliza, "Leo nitie?"

Jioni nazungusha futi mkononi.
Kushoto thelathini na moja. Kulia ishirini na nane.
Miaka ishirini na sita nimepima mikono ya watu,
mabibi harusi, makarani, kwaya nzima nzima,
na sijawahi kushika futi nikitetemeka.
Naandika kwenye daftari la oda,
chini ya suruali ya Masalu
anayeapa kiuno hakijaongezeka:
*Mteja, mimi. Salio, halijulikani.*

Dripu zimekwisha. Nywele zimerudi,
laini, za rangi ya majivu, si zangu kabisa.
Ngazi za mawe hadi barabarani ni sitini na moja.
Leo nimezishuka na mfuko mtupu.
Kurudi, na nyanya na vifungo,
ya thelathini na nane ikanikataa.

Nikakaa juu ya jiwe lililopashwa na jua.
Kati ya bati na bati ziwa lilionekana, kipande tu,
kama baki la kitambaa.
Wadudu wa ziwani waliinuka majini
mfano wa moshi usio na moto.
Vijana wenye ndoo wakanifikia:
"Shikamoo mama, tukubebe?"
Marahaba. Bebeni nyanya.

Visigino chini, kifua mbele, kile kilichobaki,
nikasimama. Bila kushika.
Zilikuwa zimebaki ishirini na tatu.
Nikazikata kumi, nikahema,
kumi, nikahema sana,
na tatu za kuongea peke yangu.

Jora la kitenge cha zambarau bado liko rafu ya juu,
vidole viwili kutoka ninapofika.