Keti, Inuka

Fyuzi ya sita wiki hii, ya amperi kumi na tano,
imekufa kama wenzake: utepe umekatika katikati,
kioo kimepakwa masizi.
Mwalimu Bauma ameegemea ukuta wa mawe ya mlima,
mawe yaliyoteremka mjini yakiwa uji
na leo kazi yake ni kuzuia mbuzi wa jirani.
"Karina imezeeka," anasema. "Tumezeeka."

Wengine wangekaza kipande cha waya pale penye fyuzi,
wakamwambia nenda na Mungu.
Magari hayo nayajua. Hurudi yakivutwa kwa kamba,
dashibodi imelegea kama ugali wa maji mengi,
dereva ananuka moshi na bado anabishana bei.

Mimi natoa fyuzi, naweka taa.
Balbu ya breki, nyaya mbili, basi.
Kyakimwa ana miezi minne hapa Katoyi
na jambo hili bado linamkera:
taa ikiwaka sana, gari ni gonjwa;
ikififia, tushukuru.

Imefifia.
"Tushukuru?"
Bado. Kuna shoti zinazolala ukizitafuta.
Tumetikisa nyaya chini ya usukani.
Tumefungua milango, tumeifunga, tumeibamiza.
Tumeng'oa taa ya namba, imejaa kutu
na buibui mmoja ambaye hakutaka kuhama.
Balbu inatutazama kwa jicho la usingizi.

"Mwalimu, hukatika lini?"
Akakuna kidevu. Aliona haya kidogo.
"Nikiwa peke yangu, haikatiki.
Nikimpeleka mke wangu kanisani, hatufiki Ndosho.
Yeye anasema gari halimpendi."
"Huketi wapi?"
"Nyuma. Kushoto. Mbele anaogopa."

Kyakimwa, keti nyuma, kushoto.
Balbu ikafumbuka, nyeupe, kali.
Inuka.
Ikasinzia.
Keti. Inuka. Keti.
Binti anacheka, Mwalimu anacheka,
mimi tayari niko magotini na spana ya kumi na mbili.

Chini ya kiti: vumbi jeusi, lile la mlima, halina mwisho.
Maharage matatu. Kipande cha chaki.
Noti ya zamani isiyonunua hata kibiriti.
Na fungu la nyaya, utepe umekauka, unavunjika kama ganda la kitunguu,
na waya mwekundu wenye mstari mweupe
umelaliwa na ncha ya skrubu.
Ngozi yake imechanika. Shaba inang'aa,
imekwaruzwa Jumapili moja baada ya nyingine.

"Nani mjinga aliyekaza hii?" Kyakimwa akauliza.
Nikaizungusha polepole. Ikatoka.
Skrubu ya mbao. Si ya gari.
Kichwa bapa, rangi ya samli, mfereji mmoja.

Nilikuwa nazo kumi na moja.
Mwaka ule tulipotoka Majengo usiku, moto nyuma yetu,
baba alibeba mlango wa nyumba mgongoni
kwa sababu alikuwa ameulipia juzi.
Baadaye, tukiwa hatuna sufuria wala anwani,
nilikaza gari la kila aliyenipa kazi
kwa nilichokuwa nacho mfukoni.

"Kikulacho..." Kyakimwa akaanza, kisha akaniona usoni,
akaenda kutafuta utepe.

Mwalimu ananyoosha mkono, naye anataka kuiona.
Ningeweza kusema chochote. Mtu wa chaki angeamini.
"Ni yangu," nikasema. "Niliikaza mimi.
Fyuzi zote sita ni juu yangu."
Akaigeuza kiganjani, muda mrefu,
kama anayesahihisha daftari la mtoto
asiyejua ampe ngapi.
"Na mlango?"
"Tuliula, Mwalimu. Mbao tuliuza, tukala unga."

Hakujibu. Akaingia nyuma, akaketi kushoto,
akajirusha mara mbili kwa uzito wake wote.
Balbu haikushtuka.
Nikaweka fyuzi ya saba.
Skrubu hakunirudishia.