Kinu Kimoja, Mchi Haupo

Faili lina kutu pale pini ilipolala.
Ukurasa wa kwanza unanuka kama sanduku la marehemu.
Mirathi ya Safrani, mwanamke huru, Langoni, Lamu.

Jina lake lilikuwa Zafarani.
Karani Furtado alilisikia siku ana mafua,
akaliandika alivyolisikia,
na serikali haikupata kumjua mtu mwingine.

Chini ya jina, mali:
vitanda vya kamba viwili, kimoja kimelegea;
minazi sita huko Kipungani, mmoja hauzai;
leso tatu, kipini cha fedha,
rupia kumi na moja zilizofichwa ndani ya kata;
kinu kimoja, mchi haupo.

Bwana Shekuwe bin Bwanaheri alikuja na kilemba kipya.
Hakusema uongo. Hilo ndilo linaloniuma.
Babake alimwacha huru Zafarani asubuhi ya Idi,
mbele ya watu,
na mwenye kuacha huru ana walaa,
na walaa hurithisha kama damu inavyorithisha.
Kadhi alifungua kitabu, kitabu kikakubali.
Bwana Shauri akatia sahihi: kitabu hakukijua,
alijua tu kwamba wafu wa Kiislamu hawamhusu
isipokuwa ada.

Ada ilikuwa rupia tatu. Zilitolewa kwenye zile kumi na moja.

Nyanya yangu Tunu alikuwa na miaka kama tisa.
Zafarani alimwokota gatini, hajui kwao,
akamlea, akamfunza kusuka ukili,
na usiku wa homa akasema, Bi Mize wa jirani akiwapo:
Vyangu vyote ni vya mwana huyu.

Bi Mize alisimama mbele ya meza.
“Nimesikia kwa mashikio haya mawili.”
Na mwingine aliyesikia ni nani?
“Ni Mngu.”
Furtado aliinua kalamu, akamtazama Bwana Shauri,
kisha akaandika: Shahidi mmoja, mwanamke.

Mwana wa kulea hana fungu.
Naijua sheria hiyo; nimeisomea, ndiyo inayonilisha.
Thuluthi ingemfaa Tunu,
lakini thuluthi yataka mashahidi,
na homa haipigi mbiu.
Ningekaa kiti kile, nami
ningehukumu vilevile.

Ila siku ya kuandika mali, askari akiwa mlangoni,
Bi Mize alitoka ndani akitembea wima mno,
kama mtu aliyeshikwa na mgongo.
Askari alimpisha. Akampa na pole.
Buibui lilifika chini, likafagia kizingiti.

Mchi bila kinu ni gongo tu.
Nyanya alikaa na gongo lake miaka minne
hadi alipopata kinu cha kununua kwa mtu,
tundu lake pana kuliko mchi,
ndiyo maana kwetu mpunga hutwangwa kwa milio miwili:
pu, halafu ta,
mchi ukigonga ukingo kabla ya kurudi juu.
Wageni hudhani hatujui kutwanga.

Jana nimerudisha faili.
Mtunza kumbukumbu, kijana mwenye adabu, aliniuliza
kama nimeona kosa la kusahihishwa.
Nikamwambia jina. Linaanza na Z.
Akaandika pembeni kwa penseli, akapuliza vumbi.
“Hilo tu?”

Hilo tu, nikasema.
Kuhusu ule mchi sikutamka neno.