Drafti ya Kimya

Baba yao analinda ghala la mkonge usiku,
mchana analala. Ndiyo sheria ya kwanza
ya chumba chetu, Barabara ya Kumi na Sita:
jua likiwaka, nong'oneni.

Masika yamefunga mlango tangu Jumatatu.
Mbaruku kamvuta Mwantumu nywele,
Mwantumu kavuta pumzi ya kupiga yowe,
nikamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

Nikashusha boksi la biskuti juu ya kabati,
nikalipasua, nikalilaza sakafuni.
Rula, chanuo. Wino, kipande cha mkaa.
Miraba sitini na minne; mmoja umepinda,
Mbaruku alipiga chafya.

Vizibo vya soda tuliviokota kwa Mama Sechambo:
vyekundu kumi na viwili,
vya njano kumi na kimoja.
Ila kizibo kikitua kinasema ta!
na mwanangu akila kete tatu hali, anapiga.
Basi nikachana pindo la kanga iliyochoka,
ile iliyofutika maneno, limebaki "jirani",
nikakata viraka vidogo vya duara,
nikavibandika kwa uji uliolala.
Kila kete ikavaa soksi.

Anayekula, ale kimya.
Anayeliwa, alie kimya.
Kingi avikwe taji kwa ishara.

"Mama, za njano hazijatimia."

Shati la lindo lilikuwa msumarini,
kifungo cha tatu kimeshikwa na uzi mmoja.
Sikukikata.
Nilikisaidia tu kuanguka.

Saa tisa alasiri mwenye nyumba kakurupuka,
macho mekundu: "Watoto wako wapi? Mbona kimya?"
Wote wawili, kidole mdomoni.
Akachuchumaa na msuli wake.
Mwantumu akamfunga mara mbili,
ya tatu akamwonea huruma, akamfunga polepole.

Jioni akavaa shati, kifua kikachungulia.
Akaniangalia.
Mimi nilikuwa nachambua mchele.

Asubuhi karudi amelowa, anacheka peke yake.
Msimamizi kamuuliza kifungo kiko wapi.
"Nikamwambia, mkubwa, kimepanda cheo.
Tangu jana ni kingi."

Kisha akatoa mfukoni kizibo cha njano,
kakiokota getini, kakifuta matope,
akakiweka juu ya boksi: tubadilishane.

Mwantumu akakitazama,
akatikisa kichwa, bila sauti,
akasogeza kifungo mraba mmoja mbele.