Homa Chini ya Godoro

Usiku wa tatu tulioulalia hatari, hatukujua.
Barabara imefungwa kwa moto wa nyika,
sisi tumeegesha kituo cha mafuta, Nullarbor,
uwanda usio hata na mti wa kusingizia.
Mchana nyuzi arobaini na nne kivulini,
na kivuli chenyewe ni cha gari-nyumba letu tu.

Athol alisema ni panya, kafia ukutani.
Nikasema panya haozi hivi, haya ni mayai viza.
Akasema, basi ni mayai.
Tukayatoa friji, tukayatia majini moja moja:
yote sita yakazama, mazima, hayana hatia.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa wodi ya watoto, Port Augusta.
Kiganja changu huijua homa kabla ya kipimajoto.
Nikainua godoro, nikainua ubao,
nikaigusa betri ya kushoto ubavuni
na mkono ukarudi wenyewe.

Ilikuwa imevimba mashavu
kama mtoto mwenye matubwitubwi.
Pacha wake wa kulia, vuguvugu, ametulia,
kama ndugu ambaye hakuambiwa.

Athol akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa.
"Usiwashe!"
Sauti ile nilidhani nimeiacha hospitali, pamoja na viatu vyeupe.
Gesi hiyo haiombi moto, cheche ya swichi inaitosha.
Tukafungua mlango, madirisha, tundu la paa,
tukatoka pekupeku kwenye changarawe,
wazee wawili na nguo za ndani,
tukigombana kwa kunong'ona
kana kwamba betri inasikia.

Harjinder alikuwa kando ya lori lake
anakaanga kitunguu.
Kabla ya salamu nilimwomba azime jiko.
Akazima. Hakuuliza.
Watu wa barabara ndefu huuliza baadaye.

"Chomoa umeme kule nguzoni," akasema, "si ndani."
Athol akaenda. Nilimsikia akijikwaa, akitukana jiwe.
"Sasa?"
"Sasa tunangoja."
Tukangoja. Hilo ndilo gumu.
Harjinder alikula kitunguu kibichi nusu, na mkate,
akatuambia bintiye anasomea meno, Adelaide,
na kwamba ndizi zilizoko nyuma ya lori hazijui kungoja.
Betri ilikuwa ikichemka taratibu kule ndani,
tik, tik,
mpaka ikachoka.

Karibu na alfajiri alizungushia spana utepe mweusi,
mpini wote, ukabaki mdomo tu.
Hasi kwanza.
Alisema mara mbili, ya pili akimtazama Athol: hasi kwanza.
Tukaitoa kwa taulo langu la bluu,
kilo thelathini za ukaidi,
tukaiweka mbali, kwenye mchanga, peke yake.
Taulo limetoboka. Asidi haina adabu.

Kulipopambazuka ndipo tulipouona
ule uzi mwembamba wa kupima joto:
umebanduka, umelala kwenye zulia
mbele ya tundu la kiyoyozi.
Siku tatu umepima upepo, umeripoti baridi,
na chaja, mtiifu, ikazidi kulisha
kilichokwisha kushiba.
Nimewahi kumwona muuguzi mwanafunzi
akiandika homa ya kitanda cha jirani. Alilia sana.
Chaja haikulia.

Uzi ule ulibanduliwa Machi,
Athol alipopachika droo ya viatu vyangu.
Viatu nilivyoomba mimi viwe na mahali.
Hakuna aliyetaja droo.
Harjinder aliitazama, akatutazama, akaomba chai.

Sasa tunatembea na betri moja.
Saa mbili usiku taa zinakatika, friji inakata roho,
mayai tunayachemsha yote asubuhi.
Athol husema giza ni zuri, linaonyesha nyota.
Husema hivyo kila usiku,
ameketi kitandani, kiganja kimejificha chini ya godoro,
na ile droo hajaitoa.