Kugonga Tangi

Usiku wa tatu sasa, pampu inakohoa.
Ta. Kimya. Ta. Kimya kifupi kuliko pumzi.
Somoe anafungua bomba, kikombe kimoja tu,
na huko nje swichi inaruka kama iliyoumwa na siafu.
Asubuhi nasoma mita ya LUKU:
uniti za wiki zimeliwa kwa siku mbili,
na korosho bado ziko ghala la chama, mnada haujafika.

Fundi wa Nachingwea mjini alikuja Naipanga na begi zuri.
Tangi hakuligusa. Aliitazama pampu,
akanitazama mimi, akaitazama mikorosho,
akahesabu mistari kimoyomoyo,
akasema, "Mama, hii imekufa. Nunua nyingine."
Nikampa chai. Nikamsindikiza hadi barabarani.
Maiti gani hukohoa usiku kucha?

Nikaenda mwenyewe, na kifundo cha kidole.

Tangi langu ni la buluu, fupi, limekaa juu ya saruji
kama mwali aliyeambiwa asiinuke.
Ngo, huku chini, nzito: maji.
Ngo, kiunoni: maji.
Ngo, shingoni, pale palipokuwa pakilia
kama ngoma iliyotoka kuanikwa motoni:
maji.

Nilikua nikiambiwa debe tupu haliachi kuvuma,
nikajifunza kunyamaza mbele ya wajomba.
Leo nimeinama, sikio kwenye chuma,
nauomba utupu urudi.
Kwani si maji yanayosukuma maji.
Ni upepo, uliobanwa juu ya mpira kule ndani,
unaoyapeleka hadi kwenye miche, hadi kwenye hori la ndama.
Ukipungua, maji hupanda, hukalia kiti chake,
tangi likajaa,
na lililojaa halina nguvu.

Nikazima umeme. Nikafungua koki ya chini,
yakatoka yote, mekundu kwa kutu,
bata wa Somoe wakadhani ni masika.
Nikafungua kifuniko cha swichi: sisimizi,
ukoo mzima, wamekaangwa kati ya shaba na shaba,
waliobaki wamebeba mayai, wanahama.
Nikawafagia kwa mswaki wa zamani. Nikaomba radhi kidogo.

Juu ya tangi kuna vali, sawasawa na ya baiskeli.
Nikaibonyeza kwa ukucha, nikiogopa:
ikitema maji, mpira umepasuka,
na hapo yule mwenye begi atakuwa amepata haki yake.
Ikatoa pumzi ndogo, ya mgonjwa. Kavu.
Kavu! Nikacheka peke yangu shambani.

Nnunduma, muuza mihogo, akaniazima pampu ya baiskeli.
Mia moja: jasho.
Mia mbili: kanga imelegea, naifunga upya.
Mia tatu: nikamkumbuka marehemu,
aliyelinunua tangi hili msimu ule wa korosho nzuri,
akaijua siri yake asinifundishe.
"Mambo ya presha," alikuwa akisema, "niachie mimi."
Presha ndiyo iliyompeleka, Mungu amrehemu;
ile nyingine, ya damu.

Mia nne na kumi na mbili. Nikaazima na kipimo cha matairi:
ishirini na nane, mbili chini ya pale swichi inapoamka.
Nikaandika kwa mkaa ubavuni mwa tangi: 28, na tarehe,
na chini yake ASUMINI, herufi kubwa,
ili fundi ajaye asome kabla hajafungua begi.

Usiku huu Somoe ameoga, amefua, amenywesha ndama,
ndipo swichi iliposema ta, mara moja,
pampu ikafanya kazi yake, ikalala.
Nikakaa macho kuingoja ya pili.
Sikuisikia.

Alfajiri Nnunduma yuko mlangoni,
tenga la mihogo limelala upande,
gurudumu la nyuma limekuwa chapati.
Anadai pampu yake.